Mama Tebatso Alivyolivua Jina

Kijijini Mmakgori hakuna mtu wa chini ya miaka thelathini ambaye hajala uji wa Mama Tebatso. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi tangu enzi zile shule ina madarasa manne na jiko la kuni lisilo na ukuta. Leo ukimwonyesha askari polisi, dereva wa lori au mhubiri anayejikweza njiani na tai yake, yeye hakumbuki cheo. Anakumbuka kwamba huyu alikuwa anaficha maharage chini ya uji ili aongezewe, na yule alikuwa analia akipewa sahani ya bluu. Akikutana nao anawaambia hivyo hivyo, mbele za wake zao. Hakuna aliyewahi kununa. Wanacheka, wanainamisha kichwa, na wengine bado wanamwuliza kama kuna ukoko.

Jina lake la kuzaliwa ni Gabaikangwe, ila hilo lilibaki kwenye kitambulisho. Huku mwanamke akishajifungua, jina la usichana linawekwa kabatini, anakuwa mama wa fulani mpaka anakwenda kaburini. Sasa yeye mtoto wake wa kwanza hakumaliza hata wiki. Basi kwa miaka watu wakawa wanamwita "mama" tu, bila kitu chochote nyuma yake, maana waliogopa kumtonesha. Hilo ndilo lililokuwa likimuumiza zaidi: kuitwa mama, halafu kimya. Alipokuja wa pili, msichana mwenye kichwa kikubwa na sauti ya kengele ya shule, mumewe akasema aitwe Tebatso, yaani wa kusahaulisha machungu. Tangu hapo ukimwita mama yake kwa jina hilo, hageuzi shingo peke yake kama watu wengine. Anageuka mwili mzima, kama anayeitwa kupokea kitu.

Tebatso akasoma, akawa muuguzi, akapangiwa hospitali ya hapo hapo kijijini, chumba cha kufunga vidonda, akapewa na nyumba ya serikali. Lo, watu walikoma. Ukimwuliza Mama Tebatso bei ya mtama, atakwambia Tebatso anasema mtama unashusha sukari. Ukimwambia mvua imechelewa, atakwambia Tebatso naye amechelewa kurudi zamu. Mama alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, Ofentse, kijana wa kuosha magari pale njia panda, mwenye moyo mzuri na mwili mzito wa kuamka. Huyo alitajwa mara moja moja, hasa chakula kikibaki.

Ndipo ukaja mgomo wa watumishi wa serikali.

Walimu, wauguzi, makarani, wote walitoka siku moja, mtama ukiwa unavunwa na baridi imeanza kuuma asubuhi. Walikuwa wanadai nyongeza, na hata Mama Tebatso alikubali kwamba mishahara imesimama mahali pamoja siku nyingi huku bei ya unga inakimbia. "Waacheni wapumue kidogo," alisema. "Wiki ijayo watarudi." Akajifunga kitambaa chake kichwani, akaenda kupika.

Watoto walikuja shuleni bila madaftari, wameshika sahani na vijiko. Walimu hawakuwepo, kwa hiyo masomo ya siku yalikuwa uji. Walikula, wakacheza mpira, wakarudi makwao kabla jua halijakaa sawa. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Lori la chakula halikuja, kwa sababu karani wa kulituma naye yuko kwenye mgomo. Siku gunia la mwisho lilipokung'utwa, Mama Tebatso alisimama langoni akawaambia watoto waende nyumbani, hakuna kitu. Walimwangalia kama anatania. Kasichana kamoja ka darasa la kwanza kalimwuliza, "Basi nikusaidie kuwasha moto?" Alirudi nyumbani akiwa amekunja ndita, na kuanzia hapo neno mgomo likitajwa alikuwa anafyonya.

"Watu wazima wanagombana," alimwambia mumewe, "na mimi ndiye ninayetumwa kuwafukuza watoto wa watu."

Mumewe, Baba Tebatso, alikuwa mtu wa migodi zamani, mpole, mwenye maneno machache na kisukari. Kiatu kilikuwa kimemchubua mguu alipokwenda kuangalia ng'ombe, na mchubuko ukageuka kidonda. Kidonda cha mtu wa sukari si cha kuchezea. Kilitakiwa kusafishwa na kufungwa siku moja baada ya nyingine, na aliyekuwa akikifunga ni binti yake mwenyewe, kwenye kile chumba chake chenye harufu ya dawa.

Asubuhi moja Ofentse aliazima gari, wakampeleka mzee hospitali. Benchi zilijaa mpaka nje. Kulikuwa na muuguzi mmoja tu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, anakimbia huku na huku anasema anashughulikia wanaokufa kwanza. Walikaa mpaka mchana, nzi wanazunguka mguu wa mzee. Hapo kwenye benchi ya pili alikuwapo Mama Gofaone, jirani wa ua kwa ua, mwanamke ambaye kinywa chake hakijui likizo.

"Mama Tebatso," akaita kwa sauti ya kusikiwa na wote, "si binti yako ndiye fundi wa vidonda? Mpigie simu, aache kuimba na wagomaji wenzake dakika mbili."

Watu wakacheka. Kando yake alikaa mama kijana amembeba mtoto mwenye homa, mtoto hata kulia amechoka. Huyo hakucheka. Alimgusa mkono, akasema polepole, "Usiwasikilize, mama. Lakini kweli, ukimwona, mwambie."

Kejeli ya Mama Gofaone ingeisha. Hilo ombi la upole ndilo lililomwinua Mama Tebatso kwenye benchi. Alimwacha mzee na Ofentse, akajitanda shali yake, akaenda kwa miguu mpaka uwanja wa mpira walikokusanyika wagomaji.

Waliimba. Ndiyo kazi waliyokuwa wakifanya kutwa, wamekaa kwenye nyasi kavu na vibao vyao, wanaimba kwa sauti nne kama kwaya ya Pasaka, na aliyekuwa akianzisha wimbo ni Tebatso. Mama yake alipoingia katikati ya uwanja, wimbo ulikatika wenyewe. Nusu ya wale watu walikuwa wamekula uji wake. Mwalimu mmoja alificha sigara.

"Tebatso."

"Abee, mama."

"Baba yako yuko kwenye benchi tangu asubuhi."

"Kwa nini mmempeleka kule, mama? Najua hakuna mtu. Jioni nitakuja nyumbani nimfunge, vifaa ninavyo."

"Nyumbani. Na yule mwenye mtoto wa homa, naye utamfuata nyumbani kwake? Au ni mpaka mtu awe amezaa muuguzi?"

Tebatso aliinuka, akajipangusa majani. Alikuwa amekonda. "Mama, wodi nzima usiku ninakuwa peke yangu. Glavu zikiisha tunanunua wenyewe. Mwaka juzi tuliomba kwa adabu, mwaka jana tukaomba tena. Unafikiri naimba kwa raha?"

"Sijui unaimba kwa nini. Ninachojua, wewe uko kwenye wimbo na baba yako yuko kwenye usaha."

"Nikirudi peke yangu nitakuwa nimewauza hawa wote."

"Basi kaa nao. Ila usije kwangu na vifaa vyako mlango wa nyuma. Baba yako atafungwa hospitali, kwenye foleni, kama baba za watu."

Aligeuka akaondoka. Nyuma yake mtu mwingine, si Tebatso, akajaribu kuanzisha wimbo, akauanza juu mno. Mama Tebatso alitembea huku machozi yanamtoka, na alipokutana na watu njiani alisema ni vumbi.

Ijumaa hiyo Chifu Letsebe aliwaita wanakijiji kgotla, yaani baraza la kijiji, pale uwanjani pake penye boma la magogo, ili kila mwenye dukuduku alitoe mbele ya ofisa wa wilaya. Wanaume walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanawake kwenye mikeka, na watu walisema mpaka wakakauka. Mmoja alisema mkewe amejifungulia kwenye gari. Mwingine alisema mwanawe ana mtihani mwaka huu na sasa hivi anajifunza kucheza karata. Wapo waliowalaumu wagomaji, wapo waliomlaumu ofisa, na ofisa aliandika, akatabasamu, akaandika tena.

"Mama Tebatso, nimeuona mkono wako," alisema chifu.

Alisimama, akaiweka shali yake sawa. "Chifu, na nyinyi wote. Mimi sina mengi. Wewe bwana wa wilaya usitabasamu, maana hao watu waliomba miaka miwili na nyinyi mlikuwa mnatabasamu hivyo hivyo. Lakini mimi nasema la kwangu. Nimebeba jina la muuguzi kijiji hiki kwa majivuno, nyote ni mashahidi. Juzi nimekaa kwenye benchi na jina hilo, likanishinda uzito. Naliweka chini. Kuanzia leo naomba mniite Mama Ofentse."

Watu waliguna. Ofentse, aliyekuwa amesimama nyuma anakula miwa ya mtama, aliacha kutafuna.

"Mama," alisema chifu taratibu, "unajua hapa si jikoni. Neno likisemwa kgotla limesemwa. Ukitaka kulirudisha utalirudishia hapa hapa, mbele ya watu hawa hawa."

"Najua, chifu. Ndiyo maana nimelisemea hapa."

Akakaa.

Nyumbani mumewe alimsubiri kando ya moto, mguu juu ya kigoda. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Kwa hiyo wewe ni Mama Ofentse," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi bado ni Baba Tebatso. Sijaomba kubadilishwa."

"Hilo ni lako."

Mzee alichokoa moto. "Mimi sina neno. Ila watu watasema Baba Tebatso amechukua mke wa mtu uzeeni. Na huyo Baba Ofentse akija na fimbo, mimi na mguu huu siwezi kukimbia."

Mkewe hakucheka, ila ilibidi aingie ndani haraka.

Aliyelipokea jina kwa mikono miwili ni Ofentse. Asubuhi yake aliamka mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea, akakaa kwenye kiti cha dada yake, akauliza kama mkubwa wa nyumba hapati nyama kwanza. Kijiji nacho, kwa adabu, kikatii. Dukani, kisimani, kanisani, ni Mama Ofentse tu. Aliitika. Lakini alikuwa akigeuza shingo, si mwili, na wakati mwingine ilibidi aitwe mara mbili, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mama Gofaone alijua pa kubonyeza. Alikuwa analitamka jina hilo jipya kwa kulivuta, mara tano kwa kuomba chumvi tu.

Kidonda cha mzee kikabaki mikononi mwa mkewe. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa shuka kuukuu aliyoichana, na kila alipokifungua harufu ilimwambia alichokuwa hataki kusikia. Hospitali walikwenda tena na tena, wakarudi na mguu ule ule. Usingizi ulimpaa. Alikuwa anajiambia ni haki, kwamba kila baba anangoja, halafu anamtazama huyu mmoja wa kwake, anaona haki hiyo ni chungu kuliko alivyodhani.

Halafu mzee akaanza kuwapenda mbuzi.

Kila alasiri alichukua fimbo yake akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi, ambao kwa miaka walikuwa wakiangaliwa na jirani bila yeye kuuliza wako wangapi. Alielekea upande wa kwa dada yake, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa, akarudi jua likizama, akitembea vizuri kidogo kuliko alivyoondoka. Siku chache baadaye mkewe alifungua shuka ile jioni, akakuta imefungwa kwa fundo dogo, la pembeni, lililobana kiasi, si la kwake yeye mwenye mikono ya kufunga magunia. Chini yake kidonda kilikuwa safi, chekundu, kinaanza kujikunja pembezoni. Hakikuwa na harufu.

Mzee alitazama paa. "Naona chumvi yako inafanya kazi," alisema.

"Naona," alijibu mkewe, akafunga tena, akajaribu fundo lile dogo, likamshinda.

Usiku huo mama alilala kama gogo. Kesho yake, mzee alipochukua fimbo, alimkuta mkewe mlangoni ameshika bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na viwavi vya mti wa mopane vilivyokaangwa na nyanya, chakula ambacho katika nyumba ile anakipenda mtu mmoja tu.

"Pitia na hivi," alisema.

"Wapi?"

"Kwa mbuzi wako."

"Mbuzi wanakula viwavi siku hizi?"

"Wamekonda. Niliwaona uwanjani."

Basi ikawa hivyo. Bakuli lilikwenda limejaa, likarudi limeoshwa, na siku moja likarudi na vidonge vya presha ambavyo mama mwenyewe alikuwa ameishiwa. Alivimeza bila kuuliza mbuzi wamevipata wapi. Mara nyingi alitamani kuongozana na mzee mpaka nyuma ya kanisa, tena mara moja alifika hadi kona. Akarudi. Angekwenda kama nani? Alikuwa amelitupa jina kgotla, kijiji kizima kikishuhudia, na kulirudisha kwa mlango wa nyuma ni yale yale aliyomkataza binti yake. Alitaka mgomo uishe, Tebatso arudi kazini, yeye apate sababu ya kusimama mbele ya watu na kusema haya, yamekwisha. Hicho ndicho alichokuwa anakingoja, na kila asubuhi aliwasha redio kwa ajili hiyo.

Redio ikaja na lake. Ilitangazwa kwamba wote wa huduma za lazima ambao hawakurudi kazini Jumatatu wamefukuzwa. Wauguzi wamo. Nyumba za serikali wazirudishe.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulimponyoka, mtama ukamwagika uwanjani, kuku wakaja mbio. Hakuwafukuza. Ofentse alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo alisahau kudai chai. Upande wa pili wa ua ikasikika sauti ya Mama Gofaone, "Safi kabisa. Watajifunza."

"Mama," Ofentse akasema mwishowe, "dada atalala wapi?"

Mama alikuwa amekaa chini na kitambaa cha kichwa mkononi, anakikunja na kukikunjua.

Chifu akaitisha watu tena, kwa sababu kijiji kilikuwa kimegawanyika vipande. Safari hii boma lilijaa hata watu wakakaa juu ya magogo. Ofisa wa wilaya alikuwepo na hakutabasamu. Wengi walioinuka walisema wagomaji wamepata haki yao. Mtu ambaye mkewe alijifungulia kwenye gari alisema hivyo akitetemeka, na nani angemlaumu? Mama Gofaone alisimama akasema kazi ni ya anayeitaka, wapo vijana wengi nyumbani, wafukuzwe wote na wasahaulike. Wapo waliopiga makofi.

Wakati huo huo wauguzi waliofukuzwa walifika, watu saba au wanane, wanatembea kwa kubanana. Tebatso alikuwa wa mwisho. Walikuwa wametoka kutoa vitu kwenye nyumba za serikali, na yeye alikuwa amevaa suruali ile ile ya kubebea masanduku. Mwanamke haingii kgotla na suruali, hilo hata mtoto analijua, na siku ya kawaida angelijua. Askari wa chifu akanyoosha fimbo yake mlangoni.

"Wewe hapana. Kavae."

Tebatso alisimama pale, hana pa kwenda kuvaa, sketi zake ziko ndani ya boksi kwenye gari la mtu. Watu waligeuka kumtazama. Mmoja akacheka puani. Aliinamisha uso, na mama yake, kutoka kwenye mkeka, aliona kile kichwa kikubwa kikishuka, kichwa ambacho hata mbele yake yeye uwanjani hakikushuka.

Alinyanyuka bila kuomba ruhusa. Alipita katikati ya wanawake, akakanyaga vidole vya Mama Gofaone, sijui kwa bahati mbaya au vipi, akafika mlangoni. Akachomoa pini ya shali yake. Aliizungusha kiunoni mwa binti yake, akaifunga fundo kubwa la gunia, akakaza. Kisha akarudi kukaa, mabega yake wazi kwenye baridi, mwanamke wa umri wake. Askari alishusha fimbo.

Halafu akainua mkono.

"Mama Ofentse," alisema chifu, "nimeuona."

Hakusimama. Mkono ulibaki juu.

"Mama Ofentse, tunakusikiliza."

Mkono juu, yeye chini. Wanawake wakaanza kumgusagusa. "Unaitwa, wewe," alinong'ona Mama Gofaone, ambaye bado alikuwa anasugua vidole.

"Chifu," alisema hapo hapo kwenye mkeka, kwa sauti ya kuita watoto wa shule nzima, "nakusikia unamwita mtu. Mimi simjui. Mama Ofentse leo hakuja."

Kicheko kilipita, kikakatika. Chifu Letsebe aliegemea mbele. Alikuwa mtu mzima, alishaelewa, lakini desturi ni desturi. "Uliliweka jina chini hapa hapa, mama. Unasemaje sasa?"

"Nasema nalirudisha hapa hapa, mbele ya watu hawa hawa, kama ulivyosema. Nilimkasirikia mwanangu. Hasira hiyo bado ninayo, na yeye anajua, tutamalizana nyumbani. Watoto walirudi na sahani tupu, hilo sijasahau. Lakini nimewasikia asubuhi yote mnasema afukuzwe, asahaulike. Haya. Mtu akifukuzwa kazini, akafukuzwa kwenye nyumba, anarudi wapi? Anarudi kwa mama yake. Sasa lazima ijulikane mama yake ni nani, asije akazunguka kijiji na masanduku anauliza."

Yule mtu ambaye mkewe alijifungulia kwenye gari alikuwa ameinamia mikono yake. Mama kijana wa kwenye benchi alikuwepo, mtoto wake mgongoni, mzima, na alikuwa analia waziwazi.

"Basi simama tukuone," alisema chifu, "Mama Tebatso."

Akageuka mwili mzima.

Mkutano uliendelea, maana ofisa alitakiwa kujibu na watu hawakuwa wamemaliza hasira zao. Kazi ya Tebatso haikurudi siku ile, wala ile iliyofuata. Lakini walipotoka bomani mama yake alimsubiri kando ya njia, amejikunyata kwa baridi, na Ofentse yuko nyuma yake ameshabeba boksi mbili bila kuambiwa.

"Mama," alisema Tebatso, "nilidhani nisije na vifaa vyangu."

"Njoo navyo. Baba yako anataka kufungiwa kidonda sebuleni." Alimtazama juu mpaka chini, akanyoosha mkono, akalegeza kidogo lile fundo la shali alilokuwa amelikaza mno. "Tena na wewe unifundishe hilo fundo la kwako dogo, maana limenishinda. Amechoka kwenda kwa mbuzi."

Tebatso alianza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati, akamwegemea mama yake shingoni pale pale njiani, watu wanapita. Mama hakumwondoa. Kwa mkono uliobaki alimwashiria Ofentse atangulie nyumbani na masanduku, na asithubutu kukaa kwenye kile kiti.